Kumpeleka Kavira kwa Kambale

Tangu turudi mmekuwa mkinisimamisha kila mahali: mlangoni mwa kanisa, sokoni, hata kwa kinyozi nikiwa na povu la sabuni usoni. "Baba Paluku, kulikuwaje kule Beni?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja anasikia mwanzo, mwingine anasikia mwisho, kisha mnakutana na kuunganisha mambo ambayo hayakuwepo. Nimesikia hata inasemwa kwamba nilikwenda kumrudisha mke wangu kwa mwenyewe. Basi nimeandika yote mara moja. Ukimaliza kusoma mpe jirani yako, na mwenye swali aje na chupa ya kasiksi, maana pombe ya ndizi hunisaidia kukumbuka.

Bulengera, Butembo

Nianze na majina, kwa sababu karatasi husomwa na wageni pia. Kwetu Wanande mtoto hatazamwi sura ndipo apewe jina. Anapewa zamu yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mimi ni Kasereka. Ukiniita tu, umeshasema kwamba yuko Kambale aliyenitangulia. Tangu nizaliwe sijaitwa hata mara moja bila yeye kuwemo.

Mke wangu ni Kavira, msichana wa pili kwao. Mimi humwita Mama Paluku, kwa mtoto wetu wa kwanza, na baada ya Paluku tulipata wasichana watupu. Kwa hiyo nyumbani mwetu hakuna Kambale. Lishikeni hilo.

Huyo Kambale ndugu yangu ndiye aliyemchumbia Kavira. Mbuzi walikwisha kupelekwa kwao, kasiksi ikanywewa, kisha Kambale akaenda kaskazini kutafuta dhahabu na akanyamaza. Ukapita mwaka, ukapita mwingine. Baba yetu hakuwa mtu wa kuacha mbuzi wapotee. Alinitazama akasema, "Kasereka, utaoa wewe." Nikaoa, na wala sikulazimishwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwangalia Kavira kuliko ilivyompasa shemeji. Kambale aliporudi alimkuta Paluku wetu anatambaa. Akacheka, akatupongeza, akaenda kulima kahawa Beni akaoa huko. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ugomvi ungekuwa nafuu.

Mimi nilikuwa dereva wa lori. Nilifika Beni kila wiki, na Kavira sikumpeleka hata siku moja. Akiomba, nilisema barabara ni mbaya. Barabara ikitengenezwa, lori limejaa mizigo. Kambale alikuwa mrefu kunizidi, ana meno meupe, na mke wake alifariki mapema. Mnataka niseme nini? Nilikuwa na wivu, na ninao.

Vita ilipokuja mara ya pili, mji wetu ukiwa mikononi mwa waasi na waasi mikononi mwa wageni, watu wenye bunduki walilichukua lori langu. Ufunguo waliniachia. Bado ninao, uko msumarini karibu na msalaba. Ni katika miezi hiyo hiyo Kavira alipoanza kupotea. Kwanza chumvi mara mbili kwenye sufuria moja, kisha njia ya kutoka kanisani, kisha siku moja ananiangalia wakati wa chai na kuuliza kwa adabu, "Muzee, bibi yako ako wapi?" Muuguzi alisema kichwa kimezeeka kabla ya mwili, na dawa hakuna. Wengine walisema amerogwa, na hao sikuwapa kiti.

Ndani ya nyumba alikuwa anavuta milango, anaficha vijiko, anatukana watu wasioonekana. Kukipambazuka anatoka. Mimi, mtu wa usukani, niliyekuwa nakwenda kunyolewa kwa lori, ikabidi nimfuate kwa miguu kupanda mlima ulio nyuma ya nyumba. Na kule juu ananyamaza! Anaweka mikono mgongoni, anatembea taratibu, anataja majani kwa majina yake. Tukaanza kupanda kila asubuhi. Magoti yangu yalilalamika, halafu yakachoka kulalamika. Milima hii nilikuwa nimeipita maisha yangu yote, lakini nilikuwa naijua kwa gia tu: huu wa kwanza, ule wa pili. Sasa nikaanza kujua harufu yake baada ya mvua, na mahali ambapo upepo unageuka. Usingizi ukanirudia. Nawaambieni wazi kwamba saa zile za mlimani ndizo pekee ambazo sikuwa mjane.

Ndipo asubuhi moja, kule kule juu, ananigeukia uso umemng'aa na kusema, "Unipeleke kwa Kambale. Iko ananingoja."

Akasema hivyo kesho yake. Akasema hivyo kila siku. Jina langu mimi hakulitaja kwa miezi mingi, mimi ninayemwosha miguu na kumfunga kitambaa cha kichwa. Nilikula chakula kikawa majivu. Mwishowe nikajiapia: nitampeleka. Akimtambua Kambale, mtu asiyemwona miaka nenda miaka rudi, na mimi hanitambui, nitamwachia hapo hapo na kurudi peke yangu.

Binti yetu Masika alikuja mbio kunizuia. "Papa, ni vita. Batu banauliwa mu barabara, na wewe unaenda kutafuta wivu?"

"Siendi kuutafuta," nikamwambia. "Ninauchukua kutoka hapa nyumbani."

Njia ya mgongoni hadi Maboya

Mnaniuliza kwa nini hatukupanda gari. Gari zenyewe zilikuwa zinachomwa, na kisha Kavira hakubali tena kufungiwa ndani ya kitu. Mara ya mwisho aliruka kutoka kwenye pikapu iliyokuwa inaondoka. Tukashika njia ya mgongoni mwa milima, ile ya wakulima, barabara tunaiona chini upande wa kushoto imelala tupu kama nyoka aliyekufa.

Kavira alikuwa amevaa kitenge chake cha Noeli. Kwangu hakukivaa Noeli mbili. Sikuuliza amemvalia nani.

Alitaka pia kapu lake liende, lile la kubeba mgongoni na mshipi wake unapita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu. Akilibeba mwenyewe anatupa vitu njiani, sabuni hapa, sahani kule. Kapu lenyewe halina mkono wa kulishika namna nyingine. Basi nikalibeba mimi, mshipi kwenye paji la uso, nimeinama. Hakuna mwanaume wa Butembo aliyewahi kuonekana hivyo na akabaki na heshima. Kwenye chemchemi ya kwanza wanawake waliacha kuteka maji.

"Muzee!" mmoja akaniita. "Na utazaa lini?"

"Mwezi wa pili," nikajibu bila kuinua kichwa, kwa kuwa mshipi haukuruhusu.

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika, na Kavira alicheka nao zaidi ya wote. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka. Nikaona kapu limekuwa jepesi kidogo, Mungu anisamehe.

Mchana mvua ikatushika, mvua ile ya kwetu isiyokuja kwa mazungumzo. Mama mmoja aliyekuwa anapukuchua maharagi alituita jikoni kwake. Alitupa viazi vilivyochomwa kwenye majivu na vitunguu vya majani, akatuweka karibu na moto, na kama walivyo wakarimu wote akataka kujua habari.

"Mama, ule muzee ni bwana yako?"

Kavira aliniangalia vizuri, kama mtu anayechagua kuku sokoni. "Hapana," akasema. "Ule ni wa kapu. Bwana yangu hapana iko hapa."

"Iko wapi?"

"Iko na kazi yake."

Yule mama akanionea huruma kwa macho, akaniongezea kiazi. Kilikuwa kiazi kizuri chenye unga, na nilikila polepole mpaka mvua ikakatika.

Maboya, mji wa akina Kambale

Tulifika Maboya kabla ya soko kufungwa. Kosa langu lilikuwa kuuachia mkono wa Kavira ili nijifute jasho. Nilipogeuka alikuwa amesimama katikati ya wauza nyanya, anauliza kwa sauti ya mtu mwenye haki, "Kambale ako wapi?"

Watu wa Maboya ni wema kupita kiasi. "Kambale gani, mama? Wa chumvi? Wa velo? Ao ule wa kanisa?"

"Kambale," akasema Kavira.

Basi wakaitwa wote. Akaja fundi wa baiskeli na mikono yake ya mafuta. Akaja katekista, kijana mwenye miwani. Akaja na muuza chumvi, mwanaume wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa. Wakasimama mbele yake kwa mstari, na Kavira akapita mbele yao kama askofu anayetoa kipaimara. Kwa fundi akapita. Kwa katekista akapita. Alipofika kwa muuza chumvi akamshika mkono.

"Umekonda," akamwambia.

Yule bwana aliniangalia juu ya kichwa chake, akaelewa mara moja. "Ni vita, mama," akajibu kwa upole. "Lakini tutanona tena."

Mlioniona nikikasirika mnajua nilivyokuwa. Nilijua kabisa kwamba huyu si Kambale wetu, kwamba wakati sisi tunaoana yeye alikuwa bado hajaota meno. Hata hivyo nilizichukia zile ndevu. Akachota chumvi, akaifunga kwenye jani la mgomba, akampa. Nikasema kwa sauti kwamba kwetu chumvi ipo. Hakuna aliyenisikiliza. Kavira aliiweka ile chumvi kifuani, ndani ya kitenge cha Noeli.

Tulilala kwa katekista. Mke wake alitupikia majani ya muhogo na samaki wa chumvi wa ziwani, na Kavira alikula akamaliza. Asubuhi, wakati ananisaidia kuweka mshipi kichwani, katekista alisema, "Papa, hapana mukasirikie ile jina. Hata Mungu akiliita siku ya mwisho, tutasimama wengi sana."

Nilimjibu kwamba mimi namtafuta mmoja tu.

Bariere

Kabla ya kufika Kabasha, ule mteremko mkali wa kuelekea Beni, njia ya mgongoni inashuka na kuingia barabarani kwa kipande kidogo, na hapo palikuwa na bariere: mti umelazwa juu ya mapipa mawili, askari wanne, na foleni ya watu wenye ndizi, mkaa na kuku. Mkubwa wao hakuwa wa kwetu. Alikuwa ametoka mbali, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala, na macho yake yalionyesha kwamba milima yetu haimpi usingizi. Siku zile kulikuwa na vijana wenye silaha mlimani, na yeye aliwaona nyuma ya kila mgomba.

Tulipofika mbele yake, Kavira alimtabasamia, kisha akauliza alichokuwa anauliza kila mtu.

"Kambale ako wapi? Iko ananingoja kule mulimani."

Yule mkubwa akasimama wima. "Kambale nani? Iko mulimani? Na bunduki ngapi?"

"Iko ananingoja," Kavira akarudia.

Wakamwaga kapu chini. Nguo, sahani, sabuni, rozari, samaki tuliyefungiwa na mke wa katekista. Kisha askari mmoja akaona jani la mgomba limechomoza kwenye kitenge. Likafunguliwa. Unga mweupe.

"Iyi ni nini? Ni dawa ya vita?" Maana walikuwa wanaogopa kweli dawa za wale vijana wa mlimani. "Mama, nani alikupatia iyi dawa?"

"Kambale," akasema Kavira, kwa fahari.

Nikaona lazima niseme kitu, na nikachagua kibaya kuliko vyote. "Chef, hapana kuogopa. Kambale ni ndugu yangu."

"Donc wewe ni ndugu ya Kambale!" akapiga kelele, na nikakalishwa chini kwenye matope, mikono kichwani, mtutu wa bunduki karibu na sikio. Kavira walimvuta upande mwingine, akaanza kulia kama anavyolia ndani ya nyumba. Hapo wivu ulinitoka wote, nawaapia. Niliomba Kambale yeyote, wa dhahabu, wa chumvi, wa mbinguni, aje amshike mkono anyamaze.

Kisha katika foleni mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akashindwa kujizuia, akacheka. Askari wakamgeuzia bunduki, naye akaendelea kucheka na machozi yanamtoka, kwa woga au kwa furaha, sijui.

"Chef," akasema, "ita tu iyo jina. Ita kwa nguvu."

"Jina gani?"

"Iyo ya Kambale."

Yule mkubwa akasita. Kisha akatia mikono kiunoni akaita, "Kambale!"

"Eh!" akaitika mwenye mkaa.

"Niko!" akaitika mzee mwenye kuku.

"Naam, chef!" wakaitika wengine wawili nyuma kwa pamoja, na kutoka nyuma ya kibanda cha askari akatokea mpishi wao wenyewe, kisu mkononi, viazi mkononi, anauliza, "Munaniita?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mkubwa alimtazama mpishi wake kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akilishwa na adui. Wakamweleza, kila mmoja akisema juu ya mwenzake: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima. Alisikiliza mpaka mwisho. Akalamba ncha ya kidole, akachovya kwenye ule unga, akaonja.

"Mungwa," akasema kwa Lingala. Chumvi.

Akanisimamisha, akanipangusa matope begani, naona alikuwa na aibu. "Papa, na wewe jina yako nani?"

"Kasereka."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, mwanafunzi mzuri. "Paluku… Kambale… Kasereka. Ah! Donc wewe uko nyuma ya Kambale."

Mtu wa mbali, hajui hata jina la mlima anaousimamia, na alikuwa ameshaelewa. Nikasema ndiyo. Nikapokea kapu langu, samaki akabaki kwao, tukaondoka. Wivu wangu tuliukuta unatusubiri upande wa pili wa ule mti.

Kuteremka Kabasha

Wanaoipita Kabasha kwa gari huifumbia macho na kusali. Mimi niliiteremka miaka mingi mguu kwenye breki, sikuwahi kuiona. Asubuhi ile hewa ilikuwa imeoshwa, na upande wa mashariki, mbali, Ruwenzori ilikuwa imetoa kichwa nje ya mawingu, na theluji yake. Kavira alisimama akaangalia muda mrefu.

"Nani alimwaga unga kule?" akauliza.

Nikamwambia sijui, atakuwa mtu mwenye unga mwingi. Akaona jibu linatosha.

Njia iliteleza. Mimi na kapu langu tulikuwa tunayumba, na yeye, miguu yake mikavu ya mtu wa shamba, alikuwa anashuka kama yuko jikoni kwake. Mahali pabaya alinigeukia akanyoosha mkono. "Shika, wa kapu. Hapana kuanguka, nitakukamata." Nikaushika mkono ule. Tukateremka hivyo, joto la Beni linatupandia kidogo kidogo, migomba inakuwa mikubwa, ndege wanabadilika. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu aliyelala vizuri maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo nikaanza kupunguza mwendo. Nilifungua mshipi nikaufunga tena. Nilinunua ndizi ambazo hatukuzihitaji. Nilimsalimia kila mtu na kumuuliza habari za mama yake. Nilikuwa dereva, najua namna ya kuchelewa. Lakini Beni haihami, na kwenye kijito cha mwisho Kavira akapiga magoti, akanawa uso, akanawa mikono hadi viwikoni, akapanga kitenge vizuri.

"Niko muzuri?" akaniuliza.

"Uko muzuri sana," nikasema, na ilikuwa kweli, na ningependa isiwe.

Beni

Shamba la kahawa la Kambale lilikuwa limeingiwa na nyasi, maana nani atavuna, vita ikiwa barabarani? Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anachambua mchele. Yale meno niliyoyaonea wivu hayakuwepo tena, na urefu wake ulikuwa umejikunja kama panga la zamani. Aliinuka kwa tabu.

"Kasereka," akasema. "Ndogo yangu." Kisha akamwona aliye nyuma yangu, mchele ukamwagika.

Nilisimama kando. Nilijitoa kabisa kati yao, ili nisije nikasema baadaye kwamba nilizuia. Kavira alimwendea. Akamwangalia, akainama kidogo kama tunavyowainamia wakubwa tusiowajua, akasema, "Jambo, muzee."

Na akapita kwenda kukaa kivulini.

Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi kama mtu aliyeokota lori. Hanitambui mimi, sawa, lakini na yeye hamtambui! Wakati kuku anachinjwa, wakati bugali inasongwa na jirani mmoja mkarimu, nilikuwa nazungumza kwa sauti na kusifia kila kitu, hata lile shamba. Kambale alijibu kidogo. Tukala. Kavira alimaliza, akanawa mikono, akamgeukia mwenyeji wake.

"Muzee, wewe unakaaka hapa Beni. Unamujuaka Kambale?"

Kambale aliniangalia. Mimi nikaangalia sahani.

"Namujua," akasema.

"Nilikuja juu yake. Ukimuona, umwambie asiningoje tena. Nilisha kuolewa."

Nje kuku walikuwa wanagombania kitu. Kambale aliweka kikombe chini taratibu. "Na nani, mama?"

"Na Kasereka."

Jina langu. Lilitoka kinywani mwake bila kujikwaa, zima, kama vile limekuwa hapo kila siku.

"Na anakutunzaka muzuri?"

"Muzuri sana. Ile ni mwanaume." Akafikiri. "Shida ni wivu tu. Miaka yote iko anapita Beni na camion, hapana kunileta hata siku moja nikatoa iyi habari. Sasa Kambale si atakuwa ananingoja bure? Ni mubaya kungojesha mutu."

"Ni mubaya," akasema Kambale. "Nitamwambia."

"Aksanti, muzee."

Kambale akainuka akasema anakwenda kuangalia moto. Alikaa nje muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Lakini jikoni niliona mimi mwenyewe, moto ulikuwa umezimika tangu tuanze kula. Basi nikajua. Wivu wangu wa miaka yote haukuwa wazimu, ulikuwa sahihi juu ya ndugu yangu. Ulikosea mtu mmoja tu, Kavira, na ni yeye niliyemlipisha.

Tulikaa kwake hadi miguu ilipopona. Alikuwa mkarimu, na alitwambia tubaki, nyumba ni kubwa, vita itapita. Nilikataa kabla hajafika mwisho wa sentensi. Kujua ni kitu kimoja na kupona ni kingine.

Kupanda tena

Kurudi tulipanda Kabasha taratibu, sasa mlima ukiwa mbele ya uso. Kwenye bariere mpishi Kambale alitupungia mkono na kisu chake. Mkubwa wake alikuwa ameshahamishwa.

Juu kabisa, pale ambapo upepo wa Butembo unakukuta na baridi yake ya nyumbani, Kavira aliketi kwenye jiwe akataka ndizi. Nikampa ile moja iliyobaki. Akaimenya, akaikata vipande viwili visivyo sawa, na kikubwa akanipa mimi. Hakumtaja Kambale tena tangu Beni, wala hajamtaja mpaka leo.

"Wewe wa kapu," akasema, "nimezoea kutembea na wewe."

"Na mimi nimezoea, mama."

"Kesho tutatembea tena?"

"Kesho na kesho kutwa."

Akafurahi. Kisha akageuka akaangalia njia mbele, akaangalia njia nyuma, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake yenye harufu ya ndizi, akaninong'oneza sikioni.

"Lakini Kasereka asijue. Ule bwana yangu iko na wivu mubaya sana."

Nikamwahidi. Ningefanya nini zaidi? Nilikaa pale nikala kipande changu kikubwa, na sikujua nimwonee wivu nani: huyu wa kapu anayegawiwa ndizi na kushikwa mkono kwenye utelezi, au yule Kasereka ambaye hayupo na anakumbukwa kwa jina.

Sasa mmeyasikia yote. Kila asubuhi mtatuona tunapanda nyuma ya nyumba, yeye mbele, mimi na kapu langu nyuma. Mkikutana nasi tusalimieni, ulizeni habari za miguu yetu, mkitaka chekeni juu ya mshipi. Ila jina langu msiliite mbele yake. Kasereka asijue.